Chumvi na Munyu: Historia na Sarufi ya Neno la Jikoni

Hakuna jiko lisilo na chumvi. Mwenye nacho huitia katika pilau, asiye nacho huitia katika maharagwe, na wote wawili hulalamika sawasawa chakula kinapokuwa chapwa. Pengine ni kwa sababu ya mazoea hayo kwamba sisi walimu wa Kiswahili hatulishughulikii sana neno lenyewe. Twalitaja tunapofundisha majina ya vyakula, twaandika ubaoni "chumvi hii, chumvi nyingi", kisha twapita. Hata hivyo, hapa Kasese na Bwera neno hili hutusumbua kila mwaka. Mwanafunzi huandika "chumvi mwingi". Mwenziwe aliye dawati la pili huandika "chumvi kingi". Nasi twapiga mstari mwekundu chini ya makosa yote mawili, tukiyahesabu kuwa makosa ya aina moja.

Katika makala haya tumekusudia kuonyesha kwamba makosa hayo mawili si ya aina moja hata kidogo. Moja limetokana na kanuni iliyofahamika nusu. La pili limetokana na kumbukumbu ya lugha yenye umri mkubwa kuliko Kiswahili chenyewe. Ili kulieleza jambo hilo yatupasa tuitazame historia ya neno chumvi pamoja na nduguye, munyu. Na hapana mahali panapofaa kuanzia kuliko hapa petu, kwa kuwa kutoka rasi ya Mweya hadi majaruba ya chumvi ya Katwe ni mwendo mfupi tu.

1. Ziwa la Katwe na biashara yake

Mweya imechomoza pale mkondo wa Kazinga unapoingia Ziwa Edward, ndani ya hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1952 kwa jina la Kazinga na kuitwa Queen Elizabeth tangu mwaka 1954. Maji ya mkondo huo ni maji baridi, yenye samaki na viboko. Lakini upande wa magharibi, nyuma ya ukingo mwembamba wa ardhi unaolitenga na Ziwa Edward, limo ziwa dogo ndani ya shimo la volkano ya kale. Ziwa hilo halina mto unaotoka. Chemchemi huleta maji yenye chumvi, jua huyakausha, na chumvi hubaki. Hilo ndilo Ziwa Katwe.

Kando ya ziwa watu wamechimba majaruba, kila jaruba na mwenyewe, na haki ya jaruba hurithiwa katika ukoo. Maji huachwa yakauke mpaka chembe zifanyike, kisha hukusanywa. Kazi hii hufanywa sana na wanawake. Wanaume huingia ziwani hadi kiunoni au zaidi, wakabandua kwa mitaimbo mapande ya chumvi ya mawe yaliyoganda sakafuni mwa ziwa, wakayaleta ufukoni juu ya chelezo. Chumvi hiyo ya mawe, iliyochanganyika na magadi, hupendwa hasa kwa mifugo.

Kazi hii ni ya karne nyingi. Kabla ya kuwapo mipaka ya leo, chumvi ya Katwe ilichukuliwa vichwani na mitumbwini hadi Bunyoro, Nkore, Rwanda na nchi za magharibi ambazo sasa zimo Kongo. Mwenye kulishika ziwa alishika hazina. Toro ilipojitenga na Bunyoro mnamo mwaka 1830 chini ya Kaboyo, chumvi ilikuwa sehemu ya utajiri wa ufalme huo mpya. Baadaye Kabalega wa Bunyoro alilirudisha ziwa mikononi mwake. Mwaka 1891 Lugard alipopita huku akiwa na Kasagama, aliyemweka katika kiti cha Toro, alijenga ngome hapo Katwe na kuiita Fort George, ili Kabalega akose mapato ya chumvi. Hivyo ngome ya kikoloni ilijengwa kwa ajili ya kitu ambacho leo twakinunua kwa pakiti dukani.

Wala Katwe haikuwa peke yake. Kibiro, kando ya Ziwa Albert, wanawake wamekuwa wakipika chumvi kwa karne nyingi kwa kuchuja udongo wenye chumvi. Uvinza, magharibi ya Tanzania, wachimbuzi wa mambo ya kale wamepata alama za upikaji wa chumvi tangu yapata karne ya tano. Kutokana na mifano hiyo tunaweza kusema bila shaka kwamba watu wa bara walikuwa na chumvi yao, biashara yake na jina lake kabla msafara wa kwanza wa pwani haujafika.

2. Munyu, neno la wazee

Jina hilo ni lipi? Tusikilize lugha za jirani. Waganda husema omunnyo. Wanyankore husema omwonyo. Wanyarwanda na Warundi husema umunyu. Wakamba, mbali huko mashariki, husema munyu. Tukifika pwani tunawakuta Wadigo na Wagiriama wakisema munyu, na Waswahili wa kaskazini, wa Lamu na wa Mombasa, nao wana neno hilohilo: munyu.

Mwalimu yeyote atatambua kwamba hii si bahati. Maneno yanayofanana kwa sauti na kwa maana, katika lugha zilizoenea kutoka maziwa makuu hadi Bahari ya Hindi, hayawezi kuwa yameokotwa njiani moja moja. Ni urithi wa mababu mmoja. Wazee wa Kibantu walikuwa na neno hili kabla lugha zao hazijaachana, na kila kizazi kikalichukua kilipohama, kama mtu anavyohama na jiwe la kusagia.

Umbo lake pia lina la kutufundisha. Kiambishi chake ni mu-, kilekile tunachokiona katika mti na mto. Lakini katika mti na mto sauti u imeanguka, ikabaki m- peke yake; mbona hatusemi "mnyu"? Jibu tunalipata kwa jirani zetu. Neno la Kinyankore, omwonyo, laonyesha kwamba shina lilianza kwa irabu: mu- ikakutana na irabu hiyo ikawa mw-. Katika Kiswahili irabu ya kiambishi na irabu ya shina zimeshikana zikawa moja, ndiyo sababu u haikuanguka. Mwanafunzi wa Mbarara anayelijua neno la nyumbani kwao ana ufunguo wa swali la sarufi ya Kiswahili ambalo mwanafunzi wa Dar es Salaam hana.

Na Wakonzo je? Hapa tunawaachia walimu wa Bwera nafasi. Waulizeni watoto darasani bibi zao huitaje chumvi, na waambieni walete jibu pamoja na viambishi vyake: "chumvi hii", "chumvi nyingi", "chumvi yangu". Jibu litakuwa somo zima la ngeli kabla kitabu hakijafunguliwa.

3. Chumvi, neno lililosafiri

Ikiwa munyu ndilo neno la wazee, chumvi limepataje kuwa neno la vitabu?

Kwanza tuondoe dhana moja. Wapo wasemao kwamba Kiswahili ni lugha ya wageni, na kwamba maneno yake ya jikoni yote yalishuka kutoka jahazini. Ni kweli kwamba jiko la Mswahili limepokea mengi. Meza tumeipata kwa Wareno. Sukari, sahani na birika zimetufikia kwa njia ya Kiarabu. Lakini Mwarabu huita chumvi milh, na neno hilo halikuingia. Chumvi halina sura ya Kiarabu. Mfuatano wa sauti mv uliomo ndani yake ni ule wa mvua, mvi na mvule, maneno yenye umbo la Kibantu. Maji, moto, mafuta, mwiko, chungu na chumvi: mambo ambayo pasipo hayo chakula hakipikiki yamebaki na majina ya nyumbani.

Tofauti ya chumvi na munyu, basi, ni tofauti ya lahaja. Unguja na pwani ya kusini walisema chumvi. Kaskazini walisema munyu. Misafara ya karne ya kumi na tisa iliyoingia bara ilifungwa Unguja na Bagamoyo, na lugha yake ikawa ya huko. Katikati ya mwaka 1889 Stanley alipita Katwe akirudi pwani pamoja na Emin Pasha, na wengi wa wapagazi wake walikuwa watu walioandikwa Unguja. Hapo ufukoni mwa ziwa neno la pwani lilikutana na neno la wenyeji, vyote viwili vikiwa vimekusudia chembe zilezile nyeupe.

Kisha likaja jambo la usanifishaji. Wamisionari wa Mombasa, walioanza na Krapf aliyefika pwani mwaka 1844, walizoea Kimvita. Wale wa Unguja, akiwamo Steere aliyetoa kitabu chake cha sarufi mwaka 1870, walizoea Kiunguja. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi nne: Kenya, Tanganyika, Uganda na Unguja. Tangu hapo kitabu cha shule kilisema chumvi, na munyu likabaki katika vinywa vya watu wa kaskazini na katika mashairi yao.

Neno likishika njia ya soko halizuiliki. Wakikuyu walilipokea likawa cumbĩ, kwa kuwa lugha yao haina sauti v ya Kiswahili. Lakini hawakulitupa neno la kale, bali waligawa maana: cumbĩ ni ya chakula, na munyu ni udongo wa chumvi unaolambwa na mifugo. Wajaluo nao, ambao si Wabantu, wana chumbi. Huku kwetu reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na pamoja nayo wakaja wafanyakazi wa makabila mengi walioelewana kwa Kiswahili. Mpakani Mpondwe wachuuzi wa pande zote mbili wamekuwa wakipimiana bidhaa kwa Kiswahili siku zote za soko.

Chumvi yenyewe pia imefuata njia ya neno. Kiwanda cha kisasa kilichojengwa Katwe katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakikudumu, maana mabomba yake yaliliwa na maji ya chumvi yaliyotazamiwa kuyapitia. Majaruba yamebaki kwa mikono ya watu. Mezani kwa watu wengi sasa ipo chumvi ya pakiti iliyotiwa madini joto, ambayo sehemu yake kubwa hutoka pwani ya Kenya. Mtoto anayekaa karibu na ziwa lililowalisha chumvi wafalme hujifunza neno la pwani kwa pakiti iliyotoka pwani.

4. Sarufi: ngeli mbili, makosa mawili

Sasa turudi darasani. Munyu limo katika ngeli ya M-MI: munyu huu, munyu mwingi, munyu wangu, munyu umekwisha. Jamaa zake hufuata njia hiyohiyo: Waganda husema omunnyo mungi, Wanyarwanda husema umunyu mwinshi.

Chumvi limo katika ngeli ya N: chumvi hii, chumvi nyingi, chumvi yangu, chumvi imekwisha. Kwa kuwa ni kitu kisichohesabika, hatusemi "chumvi hizi" ila tunapokusudia aina mbalimbali. Tukitaka kuhesabu hukopa neno la kipimo, na kipimo ndicho kinachotawala upatanisho: kijiko kimoja cha chumvi kimetosha, magunia mawili ya chumvi yamepakiwa, punje ya chumvi imeanguka. Mwanafunzi aandikaye "magunia mawili ya chumvi imepakiwa" ameacha kichwa cha kirai akafuata mkia.

Mwanafunzi aandikaye "chumvi kingi" amefanya nini? Ameona ch- mwanzoni mwa neno, akakumbuka kwamba ki- ikikutana na irabu huwa ch-, kama katika chumba hiki, chungu hiki, chombo hiki. Ameshika kanuni ya kweli, lakini ameitumia pasipo pake. Dawa yake ni kumwonyesha kwamba si kila ch- ni kiambishi. Mwulize wingi: chumba huwa vyumba, chungu huwa vyungu, chombo huwa vyombo, bali chupa hubaki chupa, chaki hubaki chaki, na hakuna ajuaye kitu kiitwacho "vyumvi". Ch- ya chumvi ni sehemu ya neno lenyewe.

Mwanafunzi aandikaye "chumvi mwingi" amefanya jambo jingine kabisa. Hakudanganywa na umbo, kwa maana hakuna m- mwanzoni mwa chumvi. Amebadilisha jina akaacha upatanisho wa jina la zamani. Mdomoni amesema chumvi, akilini amesema neno la mama yake. Upatanisho wake, ambao ni kosa kwa chumvi, ni sahihi kabisa kwa munyu, na munyu ni Kiswahili.

Jambo hili si la Kiswahili peke yake. Huko Ulaya, Kireno na Kihispania ni ndugu wa tumbo moja, na chumvi kwao ni neno lilelile la Kilatini, sal. Lakini Mreno husema o sal, kwa jinsi ya kiume, na Mhispania husema la sal, kwa jinsi ya kike. Katika lugha za Kigaeli za Ireland na Scotland chumvi huitwa salann, jamaa wa mbali wa sal hiyohiyo. Kwa Waireland neno hilo ni la kiume, nao husema an salann. Lingalikuwa la kike lingepachikwa t mbele yake, kama inavyopachikwa katika an tsráid, yaani barabara. Hivyo Mhispania akijifunza Kireno au Kiayalandi hujikwaa juu ya chumvi, kama ajikwaavyo mtoto wa Kasese. Jina la kitu ni rahisi kulibadili, lakini upatanisho una mizizi mirefu.

5. Neno hili na mafundisho yetu

Kwa nini tulishughulikie neno moja kwa kirefu namna hii? Kwa sababu historia ya Kiswahili katika Uganda imekuwa ya mashaka. Mwaka 1927 Gavana Gowers alipotaka kipewe nafasi kubwa zaidi, upinzani ulikuwa mkali, hasa Buganda. Mwaka 1973 kilitangazwa kuwa lugha ya taifa kwa amri ya serikali ya kijeshi, na kwa miaka mingi masikio ya raia yalikisikia kama lugha ya bunduki. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa ili kiwe lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Sheria, basi, imekwisha kusema. Lakini sheria haiwezi kumfanya mtoto aione lugha kuwa yake. Hiyo ni kazi ya mwalimu, na mwalimu huifanya kwa neno moja moja.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, munyu lifundishwe pamoja na chumvi, si kama neno la kuandikwa badala yake katika mtihani, bali kama daraja kutoka nyumbani hadi kitabuni. Pili, makosa mawili tuliyoyataja yasahihishwe kwa njia mbili: "chumvi kingi" kwa kuuliza wingi wa neno, na "chumvi mwingi" kwa kumpa mwanafunzi neno munyu aone upatanisho wake unapofaa, kisha apewe upatanisho wa chumvi. Tatu, misemo isisahauliwe, kwa kuwa humo ndimo ngeli hukaa moyoni bila kukaririwa. Mtu anayeongeza maneno katika habari hutia chumvi. Mzee aliyeishi miaka mingi amekula chumvi nyingi. Na mwanafunzi akizoea kuusema msemo huu wa pili hatasahau kwamba chumvi ni nyingi, wala si mwingi, wala si kingi.

Tukimfundisha hivyo mtoto wa Katwe, atajua kwamba lugha hii haikuja kumpa jina la kitu asichokijua. Ilimkuta ana munyu wake, nayo yenyewe ilikuwa na munyu wake pwani ya Lamu na Mombasa. Kilichobaki ni kumfundisha neno la pili, na kumwonyesha kwamba la kwanza halikuwa kosa.